Mbuzi Tatu za Ubingwa

Kama gazeti la wiki jana lilifungia mandazi kabla hujalisoma, usijali. Nitakurudishia kwa ufupi, halafu tuendelee na aibu ya wiki hii.

Mimi ni Munguti, mchoma nyama wa Kitengela, na shida yangu ni kuongea kabla ya kufikiri. Mwaka wa 2001, nikiwa nimekaa mbele ya baba mkwe wangu, mzee Kiilu, na wazee wenzake watatu, niliulizwa ni lini nitapeleka ntheo ya binti yao Kamene. Ntheo ni zile mbuzi tatu ambazo kwetu Wakamba ndizo humfanya mke awe mke. Bila hizo, hata ukae na mwanamke miaka ishirini na moja kama mimi, bado unakaa na binti wa watu, na watoto ni wa babu yao.

Mtu mwenye akili angesema naleta wiki ijayo. Mimi nikasema siwezi kumtolea Kamene mbuzi za kununua sokoni kama kila mtu, nitaleta za ubingwa wa kuchoma nyama. Wazee wakatazamana, wakakubali, wakalifunga neno. Neno likishafungwa na wazee, hulifungui kwa kwenda sokoni Kiserian siku ya mnada.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kampuni moja ya chumvi. Raundi sita kwa mwaka, kuanzia Kitengela hadi fainali Kajiado. Ukishinda raundi unapewa mbuzi moja siku hiyo hiyo. Lakini pia kulikuwa na pointi zinazojumlishwa msimu mzima, na mwenye nyingi mwisho wa mwaka ndiye bingwa, anapewa mbuzi tatu kwa kamba moja. Mimi hizo pointi nilizidharau. Nilikuwa nawaambia wateja wangu kwamba nyama huliwa, pointi hailiwi.

Mwaka wa 2003 nilishinda Kitengela, nikashinda Isinya, nikashinda Namanga. Nikachukua mbuzi zangu tatu, nikamswagia mzee Kiilu mpaka kwake. Akazihesabu, akazishika mgongo, akaniuliza kama ubingwa umekwisha. Nikasema bado raundi tatu. Akasema basi hizi ni za raundi, si za ubingwa, rudi nazo. Nikapita nazo katikati ya Kitengela watu wakiniuliza kama nimehamia ufugaji.

Ndipo nikaanza kuhesabu pointi, na ndipo nikagundua kuna mtu ananichezea. Raundi ya Magadi sikuenda kwa sababu nilipigiwa simu ya kibanda kwamba binti yetu Mbeke amelazwa Machakos anakosomea. Nilikimbia huko nikamkuta anamenya viazi, mzima, ananiuliza nimefuata nini. Halafu raundi ya Kiserian, makaa yangu yakamwagiwa mafuta taa, nyama ikanuka kama taa ya koroboi, nikawa wa mwisho. Wiki jana mliniacha nikimfukuza Wainaina, mwenzangu wa miaka tisa, kwa sababu yeye ndiye aliyelinda makaa siku hiyo. Niliapa sitamuona tena kwangu.

Basi. Sikiza sasa.

Jumatano kabla ya fainali, Kamene alinisomea barua ya mashindano. Ilisema kila timu ije na watu wale wale watatu walioandikishwa mwanzo wa msimu, ikipungua hata mmoja inatolewa. Timu yetu ilikuwa mimi, Kamene na Wainaina. Mimi nachoma, Kamene anatengeneza kachumbari na kusonga ugali, Wainaina anachagua mbuzi na kuchinja. Jamaa akimwangalia mbuzi meno na mkia anakwambia alikunywa maji siku gani.

Nilimwambia Kamene kuwa heri nikose ubingwa kuliko kumwomba msaliti. Kamene akasema sawa, tukose. Alikubali haraka sana. Miaka yote hiyo hajawahi kunikubalia jambo kabla ya mara ya tatu, na hilo lilinikaa kichwani, lakini sikulifanyia kazi.

Alhamisi nikaenda kwa Wainaina. Nilimkuta anapiga misumari kwenye kibanda cha sungura, na hakuacha kupiga misumari. Nilijaribu kuomba msamaha bila kusema neno msamaha. Nikazungumzia mvua, nikazungumzia sungura, nikazungumzia bei ya mabati, mpaka yeye mwenyewe akachoka.

"Munguti, unataka nije ama unataka nikiri?" akaniuliza.

Nikasema aje tu, hayo mengine tutaongea baadaye. Akaweka nyundo chini. Alisema atakuja kwa sababu ya Kamene, si kwa sababu yangu, na kwamba hatagusa makaa wala chumvi. Atachinja, atanawa mikono, kisha atakaa kwenye kiti mahali ambapo mtu yeyote anaweza kumuona.

"Lakini kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Ukinitazama mimi siku nzima, utakosa kuona kinachokula."

Nikaona huyo anajitetea kwa methali kama wezi wote. Nilirudi nyumbani nikachukua magunia yangu mawili ya makaa, ya mgunga safi kabisa, nikayaingiza chumbani kwangu, nikayasimamisha kando ya kitanda. Kamene aliniuliza kama nimerukwa na akili, shuka zote zitakuwa nyeusi. Nikamwambia tutafua. Nililala mkono mmoja juu ya gunia mpaka Jumamosi.

Mnaona vile nilikuwa nimejipanga.

Fainali ilifanyiwa uwanja ulio karibu na soko la mifugo Kajiado. Timu nane, tenti nane, vumbi la kutosha kila mtu. Wamaasai waliokuja kuuza ng'ombe waliacha ng'ombe wakaja kutazama watu wakichoma mbuzi kwa mashindano, na walikuwa wanacheka kabla hata hatujawasha. Mzee mmoja alinisalimia "Sopa", nikaitika "Ipa", akaniuliza kwa upole kama ni kweli kuna mtu anasomea kuchoma nyama. Nikamwambia ni kweli. Akamwita mwenzake aje anione.

Hesabu ilikuwa imesimama hivi. Gakuru alikuwa na pointi thelathini na moja, mimi thelathini. Huyu Gakuru ni jirani yangu Kitengela, ana kibanda ng'ambo ya barabara, na msimu mzima hakuwa ameshinda raundi hata moja. Ni wa pili hapa, wa tatu pale, wa pili tena. Watu wa Kitengela walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Wengine walisema bingwa ni yule aliyeshinda mara tatu, hizo pointi ni hesabu za karani. Wengine wakasema mtu anayekuja kila mara na hachomi vibaya hata siku moja ndiye fundi. Walibishana mpaka kinyozi wangu akakataa kunikata nywele.

Kwa kifupi, kati yetu wawili, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye bingwa. Na nikikosa, Desemba wageni wa Mbeke wanakuja. Kuna familia ya kule mjini Wote ilikuwa imetuma ujumbe kwamba kijana wao amempenda. Bila ntheo, hao wageni hawaji kwangu, wanakwenda kwa mzee Kiilu, na mimi nitakaa nyuma na vijana wa kupanga viti kwenye harusi ya mtoto wangu mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma. Nililea huyo mtoto kwa moshi wa macho yangu.

Wainaina alichinja, akanawa, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya tenti kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikafungua gunia la kwanza.

Mafuta taa.

Sikuhitaji hata kuinama. Harufu ilinipanda puani kama pilipili. Nikamtazama Wainaina. Alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini, mita kumi kutoka kwangu, na makaa hayo hajayaona tangu yatoke Kitengela. Basi nikamtafuta mwingine wa kumlaumu, na hakuwa mbali. Gakuru alikuwa anapita na debe la maji.

Nilimfuata nikamshika shati. Nilimwita mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuchapisha. Nikasema mbele ya watu wote kwamba ameona hawezi kunishinda kwa moto, sasa ananishinda kwa mafuta taa. Watu wakakusanyika. Gakuru aliweka debe chini polepole, na wala hakunisukuma.

"Munguti, mimi kuchoma siwezi kukushinda, na sijawahi kusema naweza," akasema. "Mimi kitu naweza ni kuja. Magadi nilikuja. Jua lilinichoma pamoja na mbuzi, lakini nilikuja. Hizo pointi zangu hakuna yenye mafuta taa." Kisha akaniuliza, "Hayo makaa yako yalilala wapi?"

Nikasema chumbani kwangu.

"Haya. Na mimi sijawahi kulala chumbani kwako."

Watu walicheka mpaka wale Wamaasai wakaomba wafasiriwe. Mimi sikucheka. Niliachilia shati la Gakuru, kwa sababu hesabu ilikuwa imeingia. Chumbani kwangu hulala watu wawili.

Nikageuka. Kamene alikuwa ameketi nyuma ya tenti akikata vitunguu vya kachumbari. Uwanja mzima ulikuwa umesimama kututazama mimi na Gakuru, na yeye peke yake hakuwa ameinua kichwa.

Nilimwendea. Nilitaka akane. Naapa, kama angekana ningemwamini, ningekwenda kumshika mtu mwingine shati.

"Mama Mbeke," nikamwambia, "niambie si wewe."

"Ni mimi, Baba Mbeke."

"Na Kiserian?"

"Ni mimi."

"Na ile simu ya Machakos?"

Akaweka kisu chini. Akasema alimlipa jamaa wa kibanda akaigiza sauti ya daktari.

Nikakaa juu ya debe la unga. Wainaina alikuwa anasikia kila kitu kutoka kwenye kiti chake, na mtu huyo nilimuita mwizi mbele ya mke wake na watoto wake. Nilitamani ardhi inimeze na tenti yake.

Kamene alianza kusema bila kulia. Mwezi wa Januari mzee Kiilu anagawa shamba lake la Kitengela, lile alilonunua kwa mshahara wa reli wakati watu walikuwa wanamcheka kwamba amenunua nyasi. Sasa watu wa Nairobi wanalilia nyasi hizo. Mzee amesema wavulana watapata, na binti ambaye bado yuko nyumbani kwa baba yake naye atapata nusu eka. Aliyeolewa hapati, atatafutiwa na mume wake. Dada zake wawili walitolewa ntheo zamani. Ni Kamene peke yake ambaye, kwa desturi, bado yuko nyumbani.

"Ukimpa baba hizo mbuzi, nimeolewa," akasema. "Nikiolewa, nusu eka inaenda."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipiga kelele kidogo. Nikamwambia hilo shamba lingekuwa letu sote.

Akanitazama kama anaangalia mtu aliyechelewa kanisani.

"Hilo jiko lako kubwa ulilipata wapi?"

Jiko langu la fainali, lenye wavu mara mbili na magurudumu, nililipata kwa kubadilishana na cherehani yake. Nilimwambia wakati ule ni mwaka mmoja tu, nitamnunulia nyingine. Ilikuwa ni mwaka wa tatu.

"Mbeke akiolewa, wewe utabaki baba yake hata ukikaa nyuma," akasema. "Wageni wataondoka jioni. Mimi nikizeeka nitakuwa na nini? Nakupenda, lakini wewe unaweza kubadilisha shamba na mbuzi."

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamwambia amenifanya mjinga miezi sita, amenifanya nimtukane rafiki, amenifanya nilale na makaa. Yote hayo akakubali. Kisha akanyoosha kidole kwa gunia la pili.

"Leo alfajiri ukioga nilimwagia moja tu, lile sikuligusa," akasema. "Nilishika chupa, mkono ukakataa. Choma unavyotaka. Mimi nimechoka kujificha."

Akarudi kwa vitunguu vyake.

Nilikwenda kwanza kwa Wainaina. Safari hii nilisema neno lenyewe, msamaha, na nikalirudia. Alisema amelisikia, na kwamba atalijibu nikimaliza kuchoma kwa sababu muda unaenda. Nikawasha gunia la pili. Makaa yakashika vizuri, mekundu, bila moshi, makaa ya ubingwa. Nikaweka mbavu, nikaweka paja.

Wakati huo ndipo niliona wazee watatu wanashuka kutoka upande wa barabara ya Namanga, na wa mbele alikuwa mzee Kiilu na kofia yake. Alikuwa amekuja kuona neno lake likitimizwa. Alipewa kiti mstari wa mbele. Alinipungia mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nimchukue binti yake, alinipungia mkono.

Sasa niwaambie jambo la kazi yetu. Chumvi haitangulii. Ukimwagia nyama maji ya chumvi mapema, inatoa maji yake yote, inakauka, inakuwa ya kutafuna kama mshipi. Unangoja mpaka mafuta yaanze kudondoka, hapo ndipo unanyunyiza. Hata mtoto wa mchoma nyama anajua. Mimi nimewahi kumfukuza mfanyakazi kwa kosa hilo.

Naungama hapa mbele ya Kitengela yote. Nilichukua kopo la maji ya chumvi nyama ikiwa bado nyekundu, nikamwaga.

Sikutaka kuwa wa mwisho, bado nina heshima yangu. Nilitaka tu kuwa nyuma ya Gakuru. Nilimwaga kidogo, nikafikiria Mbeke, nikaacha. Nikafikiria cherehani, nikaongeza. Wainaina aliona. Alisimama kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanitazama, akakaa tena. Kumbe kushindwa kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kushinda, maana nilitokwa na jasho ambalo Namanga sikutokwa nalo.

Majaji walipita, wakatafuna, wakaandika. Kwetu walitafuna muda mrefu.

Matokeo yalipotangazwa, wa tatu ilikuwa timu yangu. Wa pili watu wa Magadi. Wa kwanza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Gakuru, na kwa pointi zote za msimu, bingwa ni Gakuru. Nusu ya Kitengela ikashangilia, nusu ikapiga kelele kwamba tumeibiwa. Mzee Kiilu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Kamene alikuja akasimama kando yangu. Hakusema asante, na sikutaka aseme. Alinishika kidole kimoja tu, pale watu hawaoni, na nikaona nimefanya jambo moja sawa mwaka huo.

Lingeishia hapo lingekuwa jambo zuri. Lakini Gakuru hakwenda moja kwa moja kuchukua zawadi yake. Alikuja kwenye ubao wangu, akachukua kipande cha ubavu kilichobaki, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akatazama kopo la chumvi, akanitazama tena. Huyu mtu amekula nyama yangu miaka mingi ng'ambo ya barabara.

Alikwenda akapokea zile mbuzi tatu, zote kwa kamba moja, nyeupe mbili na beberu mweusi. Halafu badala ya kwenda kwa watu wake, akazivuta katikati ya uwanja mpaka mbele yangu.

"Wewe huwa hutangulizi chumvi," akasema, na alisema kwa sauti. "Sijui kwa nini umefanya hivi, na sikuulizi. Lakini nimekuja raundi zote sita kwa miguu yangu, sijaja kuachiwa. Ubingwa wa kuachiwa sichukui. Shika mbuzi zako, bingwa."

Akanitia kamba mkononi, akaenda zake. Watu wakapiga makofi, pande zote mbili sasa, na wale Wamaasai pia. Nilijaribu kumrudishia, lakini kulikuwa na watu kila upande na mbuzi zilishaanza kula kachumbari.

Makofi yalipopungua nikasikia fimbo. Mzee Kiilu alikuwa amesimama. Alikuja na wazee wake wawili nyuma yake, wakanizunguka kama ile siku ya kwanza. Akashika beberu mgongo. Akashika masikio ya zile nyeupe. Hakukuwa na haraka yoyote ndani yake.

"Munguti," akasema, "jibu moja tu, mbele ya hawa. Hizi ni za ubingwa, ama si za ubingwa?"

Nikisema ni za ubingwa, Mbeke ana baba na Kamene hana shamba. Nikisema si za ubingwa, nimemkana mtoto wangu mbele ya watu mia tatu, na neno la wazee halitafunguliwa tena nikiwa hai. Ulimi ulikuwa umekauka kuliko ile nyama.

Kamene akaachilia kidole changu. Akapita mbele yangu, akaishika kamba chini ya mkono wangu, akasimama kati yangu na mzee.

"Baba," akasema, "usimuulize yeye. Niulize mimi."